Sarafu moja bila mfuko mmoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala kuhusu nchi kujiunga na sarafu ya pamoja ya kanda. Wanaoiunga mkono hutaja kwanza nafuu ya mfanyabiashara anayevuka mpaka, ambaye hatapoteza tena fedha kwa kubadili sarafu wala kuhofia kwamba malipo yake yatapungua thamani kabla hayajamfikia. Nafuu hiyo ni ya kweli na siipingi. Ninachopinga ni kuijadili peke yake, kana kwamba sarafu ni chombo cha kulipia tu.

Nchi yenye sarafu yake, mauzo yake ya nje yanapoanguka, inaweza kupunguza riba na kuiacha thamani ya fedha yake ishuke, hata bidhaa zake zikawa nafuu kwa wanunuzi wa nje, ingawa wananchi nao hulipa zaidi kwa vitu vinavyoagizwa. Iceland ilipita njia hiyo chungu ya sarafu kushuka thamani baada ya benki zake kuanguka mwaka 2008. Ugiriki, iliyoingia mwaka 2001 katika euro, sarafu ya pamoja ya nchi kadhaa za Ulaya, ilikuwa imejifungia njia hiyo. Mwaka 2009 ilipobainika kwamba nakisi ya bajeti yake ilikuwa kubwa mno kuliko ilivyotangazwa, vilivyobaki kushushwa ni mishahara na pensheni, na kufikia mwaka 2013 zaidi ya robo ya nguvukazi yake haikuwa na ajira.

Nitajibiwa kwamba Wagiriki walijiponza kwa madeni. Basi tuitazame Hispania. Kabla ya mwaka 2008 serikali yake ilikuwa na ziada ya bajeti, na deni lake lilikuwa chini ya asilimia 40 ya pato la taifa, wakati Mkataba wa Maastricht, ulioweka masharti ya kuingia katika euro, uliruhusu hadi asilimia 60. Iliyatimiza masharti, na bado ukosefu wa ajira ulipita robo ya nguvukazi. Ndiyo maana sishawishiki ninapoambiwa kwamba vigezo vya nakisi na mfumuko wa bei vitatulinda.

Kinachokosekana ni mfuko wa pamoja. Jimbo la Marekani likikumbwa na mdororo, kodi linazopeleka Washington hupungua zenyewe, huku pensheni na misaada ya serikali kuu ikiendelea kuwafikia wakazi wake, bila gavana kwenda kuomba. Ugiriki ilisubiri hadi Mei 2010 ndipo ikaahidiwa mkopo wa euro bilioni 110, na ulikuwa mkopo, wenye masharti mazito.

Utayari wa kubebana hauji kwa kuchapisha noti zinazofanana. Kenya, Uganda na Tanzania zilirithi shilingi moja kutoka kwa mkoloni, lakini mwaka 1966 kila moja ilikuwa na benki kuu yake, kwa kuwa kila moja ilitaka kuongoza fedha zake kulingana na mipango yake ya maendeleo.

Kwa hiyo, kabla ya bunge lolote kuombwa kuridhia, wananchi waonyeshwe kwa maandishi ni nani atachangia mfuko wa dharura na kwa kiwango gani, nchi ndogo itakuwa na kura yenye uzito gani riba inapopangwa, na nchi itatokaje ikilazimika. Hilo la mwisho waandishi wa mkataba wa euro hawakuliwekea kifungu. Mimi nisingeunga mkono mkataba wowote unaoyaacha maswali haya yajibiwe baada ya kutiwa saini.

Msomaji wako