Sevisi ya mashine ni Jumamosi, someni mpaka mwisho tafadhali

Habari zenu wakuu, natumai kazi inaendelea poa. Ile sevisi yetu ya kila miezi 3 imefika, ni Jumamosi hii saa 2 asubuhi hapo kwa karakana Kariobangi Light Industries, na mashine zote zitakuwa zimezimwa mpaka kama saa 8 mchana kwa hivyo kama uko na kazi ya kasitoma jaribu uimalize Ijumaa.

1. Mchango ni 600 kila mtu, tumeni M-Pesa kwa mweka hazina kabla ya Alhamisi jioni ndio tununue oili, grisi, filta ya hewa na belti za kompresa (ile mashine ya kukandamiza hewa).
2. Watu wa leithi (mashine ya kukereza chuma) watasafisha mabaki ya chuma na kupaka oili, wa kuchomelea waangalie nyaya kama zimechubuka.

Kompresa ndiyo inanipa wasiwasi sana. Hewa ikikandamizwa unyevu unageuka maji yanakaa chini ya tenki, tenki inaliwa na kutu kutoka ndani na huwezi kuona, siku moja inapasuka na inaweza kuua mtu. Tufungue ile koki ya chini kila jioni jamani, ni kitu ya dakika moja tu.

Na mtu asiguse mashine yoyote kabla meni swichi haijazimwa na kufungwa kufuli, na presha iishe yote.

Andika "nakuja" hapa kabla ya kesho usiku, kama hutaweza sema nani atakushikia. Chai na mandazi ziko.