Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanajumuiya, assalaam alaykum.

Hesabu mtasomewa na Mshika Fedha. Mimi nitazungumzia kina mama tuliowasindikiza mahakamani, maana hiyo ndiyo kazi iliyotuchosha kuliko zote mwaka huu.

Mwanamke wa Micheweni, hapa Pemba, aliyepigwa na mumewe huanzia kwa sheha, yaani kiongozi wa shehia yake, akaenda dawati la polisi, akapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kupelekea matibabu, ndipo hospitali. Akifikishwa Kituo cha Mkono kwa Mkono pale Chake Chake hupumua kidogo, kwani daktari, polisi na mshauri anawakuta pamoja. Taabu huanza baadaye. Kipigo ni jinai, kina mahakama yake. Talaka, matunzo na watoto ni kwa kadhi. Kesi mbili, tarehe mbili, nauli mara mbili, na kila pahala aeleze upya alivyopigwa, pengine mumewe amekaa ubavuni mwake. Tulizishangilia mahakama maalum za udhalilishaji zilipoanzishwa mwaka 2021, lakini kwa mke aliyepigwa safari bado ni hiyohiyo.

Kesi hizi zinauliwa na muhali, yaani kuoneana haya kwa ujamaa. Shahidi ni wifi, au jirani, au mtoto wa ami. Kesi ikiahirishwa, wazee wa pande mbili wanakaa, mama anaambiwa asimfunge baba wa wanawe. Naye anajua mume akiingia ndani, wa kununua unga hana. Akienda kuifuta, naomba asilaumiwe. Maneno ya "wenyewe hawataki kusaidiwa" nimeyasikia hata humu ndani, na yameniuma sana. Huyo mama anapima njaa ya watoto na usalama wake, peke yake.

Kwa kadhi kuna haki ambayo wengi hawaijui: sheria ya mwaka 2017 inamwezesha kadhi kugawa mali ya wanandoa kwa mchango wa kila mmoja. Mkulima wa mwani aliyeezeka nyumba kwa fedha zake ana cha kudai. Kinachomwangusha ni ushahidi, kwani bati na saruji zilinunuliwa kwa jina la mume. Ndiyo maana tumeanza kuwahimiza kuweka stakabadhi zao, hata za mnunuzi wa mwani.

Kamati inaomba idhini ya mfuko wa nauli, kwa mlalamikaji na mashahidi wake, na wasindikizaji wawili kila shehia. Wanaume nao wajiandikishe, khasa wale ambao wazee wenzao wanawasikiliza. Majina yanapokelewa na Katibu leo, kabla hatujatawanyika.