Barua ya wazi kwa vijana mnaotafuta kazi bila shahada

Wanangu,

Habari mnazotumiana ni za kweli: waajiri wakubwa wameanza kufuta sharti la shahada. Huko Marekani, jimbo la Maryland liliondoa sharti hilo kwa maelfu ya kazi za serikali mwaka 2022. Januari 2023 Josh Shapiro alipoapishwa kuwa gavana wa Pennsylvania, amri yake ya kwanza iliwafungulia wasio na shahada asilimia 92 hivi ya kazi za serikali ya jimbo. Nimefurahi nanyi. Ila nimekaa upande wa pili wa meza ya usaili kwa miaka mingi, na afadhali mjue kinachotokea tangazo likishabandikwa.

Mwaka 2024 watafiti wa Harvard Business School na Burning Glass Institute, taasisi inayochunguza soko la ajira, waliacha kuhesabu matangazo, wakawatazama walioajiriwa kweli. Wakakuta kufutwa kwa sharti hilo kumemnufaisha hata si mtu 1 kati ya 700 walioajiriwa mwaka uliotangulia. Sababu naijua. Anayechambua barua za maombi ni yuleyule wa jana, ana barua 300 mezani na siku mbili za kuzipunguza. Shahada ilimrahisishia kazi hiyo. Akinyang'anywa bila kupewa kipimo kingine, ataendelea kuitumia kimyakimya. (Si mtu mbaya. Akimleta mwenye shahada akaboronga, hakuna wa kumuuliza. Akimleta asiye nayo akaboronga, lawama zote zake.)

Basi kipimo hicho mpeni ninyi.

Na hapa wengi mnapotea. Napokea wasifu wenye vyeti kumi na zaidi vya kozi za mtandaoni, na mwenye navyo hana kazi hata moja ya kuonyesha. Cheti cha namna hiyo mara nyingi kinathibitisha kwamba video zilifika mwisho. Mmekataa kupimwa kwa karatasi moja kubwa, mkaenda kukusanya ndogondogo! Chukueni moja au mbili zenye mtihani wa kweli, zilizobaki jifunzeni bila kuzitangaza.

Jaribio ninalolipenda ni hili. Nampa mwombaji faili la mauzo la mistari 200 ambalo nimelichafua makusudi: tarehe zimeandikwa kwa mitindo miwili, mteja mmoja ameingia mara tatu kwa tahajia tofauti, na jumla ya chini haiendani na mistari ya juu. Namwomba aniambie mwezi gani uliuza zaidi. Anayekimbilia jibu hukosea. Ninayemtafuta ni yule anayeinua kichwa baada ya muda na kuuliza, "Samahani, hii 03/04 ni tarehe 3 Aprili au 4 Machi?" Akiuliza hivyo, nusu ya usaili wangu imekwisha, na wala sijatazama alisoma wapi.

Jiandaeni kwa meza ya aina hiyo. Tafuteni kazi ya kweli, hata ndogo: chama kinachoandika michango kwenye daftari, duka lisilojua limebakiza bidhaa gani. Ifanyeni, kisha iandikeni kwa ukurasa mmoja: hali ilikuwaje, ulifanya nini, nini kilibadilika, nini kilikushinda, na nani apigiwe simu athibitishe. Hicho kilichokushinda msikifiche. Mimi huanza kusoma hapo. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye soko la ajira nawapinga: chema nacho kisipotembezwa, hakuna anayejua kipo.

Mkipata nafasi ya uanagenzi wenye malipo, itangulizeni mbele ya kozi yoyote. Ujerumani ina sheria yake tangu 1969, na fani zaidi ya 300 hufundishwa hivyo: mwanagenzi anagawa muda wake kati ya kazini na chuo cha ufundi, analipwa, na mwisho anafanya mtihani unaotambulika nchi nzima. Ninyi mliokwisha kufanya kazi miaka kadhaa, ulizeni kama mlipo kuna utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini. Ufaransa ilipitisha sheria ya hivyo mwaka 2002: mtu anaweza kufika mbele ya jopo na uzoefu wake, akatunukiwa stashahada au hata shahada kamili bila kurudi darasani.

Udaktari, sheria na uhandisi wa majengo msivichanganye humu. Kule kuna leseni, na leseni inadai chuo. Anayewauzia njia ya mkato anawaibia.

La mwisho ni la pesa. Jaribio la haki huchukua saa moja au mbili, na jibu lake mwajiri analijua tayari, kama mimi na faili langu. Wapo wanaowaomba mtengeneze tovuti nzima au mpango wa biashara wa miezi sita, wanaita jaribio, kisha simu zao hazipokelewi. Ulizeni kwa adabu kabla ya kuanza: "Kazi hii mtaitumia?" Wakisema ndiyo, watajieni bei.

Mzee wenu