YAH: Rangi ya oveni niliyolipia, mkanipigia chini ya turubai

Ndugu Meneja,

Habari za kazi. Husika na kichwa cha habari hapo juu, na naomba uisome mwenyewe, usimpe yule dada wa mapokezi, maana yeye nishampigia mara tatu na kila mara ananiambia "tutakucheki kaka", mpaka leo sijachekiwa.

Mimi ndo mwenye ile IST ya silva iliyogongwa na bodaboda fenda ya nyuma na mlango wake. Niliileta kwenu mwezi wa tatu. Fundi wa mtaani kwetu Kimara alishaniambia 200,000 anamaliza kila kitu, nyie mkasema 650,000, nikaja kwenu. Sio kwamba nina hela za kuchezea, ni kwamba mliniahidi vitu vitatu: 2K, yaani rangi inayochanganywa na hadna, ile dawa ya kuigandisha, oveni ya kukaushia rangi, na warranti mwaka mmoja. Mkaandika kwenye invoisi, ninayo, na risiti ya EFD ninayo.

Sasa kuna kitu labda hamkukijua wakati mnaniahidi. Mimi rangi nishapiga mwenyewe nyumbani. Bampa ya mbele ya gari hiyohiyo niliipiga mwaka juzi, kompresa ya kuazima, rangi nikachanganyiwa Gerezani kwa namba ya rangi iliyoko kwenye ile pleti ya chuma ya gari, 1F7. Nikaamka alfajiri kabla upepo haujaanza, nikamwagia uwanja maji vumbi lilale, msasa 320, praima ya plastiki, msasa 800, rangi, klia ya kung'aa juu yake, alaf baadaye 2000 na polishi. Na bado nikakosea. Kuna mchirizi chini ya pleti namba, kuna mbu wawili wamekaukia kwenye klia mpaka kiama, na shuka la jirani lilipata madoa ya silva nikalilipa. Ubaya zaidi ni ile hadna, mimi nilikuwa na barakoa ya kawaida tu, kifua kilinibana siku mbili, ndo baadaye naambiwa ile kitu ina sumu inayoweza kukuachia pumu, na kwenye gereji za maana anayepiga anavaa maski ya kuletewa hewa safi kwa mpira.

Kwa hiyo niliposema safari hii naenda kwa wenye oveni nilikuwa najua nalipia nini. Nalipia chumba kisicho na mbu. Nalipia hewa iliyochujwa maji, kwa sababu hapa Dar kompresa ikinguruma nusu saa inatema maji kama bomba na rangi inatoka vipele. Nalipia joto la nyuzi 60 ambalo mimi kwangu sina. Na silva haitaki mchezo, ukisogeza gani ya kupulizia rangi karibu inatoka nyeusi, ukiirudisha mbali inakuwa nyeupe, lazima fundi aififishe polepole mpaka mlango wa mbele ili jicho lisione inapoanzia. Hayo yote mimi siyawezi, ndo maana nikaleta 650,000.

Mlichonipa sasa. Siku nachukua gari ilikuwa jioni, imeoshwa inang'aa, nikawashukuru na kijana nikampa ya soda. Kesho yake juani fenda ni kijivu, mlango wa mbele ni silva, utadhani magari mawili yameungwa. Raba za mlango zina rangi, taa ya nyuma ina rangi. Nikasema basi, nisiwe mtu wa kulalamika.

Mwezi wa sita niko sheli, kijana akajaza mpaka mafuta yakamwagika kidogo chini ya kifuniko, akafuta na kitambaa. Kitambaa kikarudi na silva. Kaniangalia, nikamwangalia.

Nikafika nyumbani nikaloweka pamba na tinna nikagusa pale chini karibu na tairi, rangi ikalainika kama uji. Nikagusa bampa yangu niliyoipiga mwenyewe chini ya mwembe, yenye mbu wake, haikutoka kitu. Fundi wako yeyote anajua hiyo maana yake nini: rangi iliyoingia hadna ikishakauka vizuri tinna haiichukui hivyo, inayoyeyuka upya ni ile ya bei rahisi inayokauka kwa tinna kupaa tu. Hiyo sio 2K ndugu yangu. Nikaleta na sumaku ya friji, kwenye mlango wa mbele inang'ang'ania, kwenye fenda yenu inateleza inadondoka, yaani hamkunyoosha bati, mmejaza puti mkasawazisha na msasa.

Nilikuja hapo wiki iliyopita, wewe hukuwepo. Wakati nasubiri nikamwuliza mzee wa getini oveni iko wapi niione, akacheka, akasema oveni haiwaki toka kabla ya mfungo, magari yanapigwa kule nyuma chini ya turubai. Tafadhali msimguse huyo mzee, hakujua kama nina kesi.

Turubai hata mimi ninalo! Kama ni turubai ningebaki na yule wa 200,000 ambaye angalau hakunidanganya.

Ninachotaka: hiyo rangi itolewe yote, puti ipunguzwe na bati linyooshwe kweli, ipigwe 2K mbele yangu nikiona kopo la hadna likifunguliwa, ififie mpaka mlango wa mbele. Kama oveni bado mbovu semeni mbovu, nirudishieni 650,000 yangu nijue pa kwenda. Nawapa siku 14 toka mpokee barua hii. Zikiisha kimya naenda FCC, Tume ya Ushindani, na invoisi, risiti, na video ya pamba na tinna, nimeirekodi vizuri tu juani, inaonekana kila kitu.

Simu yangu mnayo kwenye invoisi. Gari natembelea hivyohivyo, ila sheli siku hizi nashuka mwenyewe nasimamia, na sijazi tanki.

Mteja wenu,
Mwenye IST ya rangi mbili