Shukrani kwa mama aliyetuonyesha mitego ya Magombera

Kwa niaba ya wenzangu wa kamati ya mazingira ya kijiji, natoa shukrani za dhati kwa mama ambaye, akirejea kutoka shambani, alituonyesha mitego ya nyaya pembezoni mwa msitu wa Magombera, akatuongoza hadi tukaing'oa, kisha akaenda zake bila kutuachia jina. Waya uliotegewa funo, yule swala mdogo wa msituni, unaweza kumkata mguu hata ndama wa tembo. Msitu huu wa Bonde la Kilombero, ambalo ardhioevu yake ilitambuliwa mwaka 2002 na Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, ni makazi ya mbega wekundu wa Udzungwa na ya kinyonga aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 2009 tu. Mama, Mungu akujalie afya. Njia uliyotuonyesha tunaendelea kuikagua.