Mdogo wangu, damu haikauki

Mdogo wangu,

Siku ile ulipojikata kidole ulikifunga kitambaa ukasema, "Acha tu, itakauka." Sikukubishia, kidole kilikuwa kinakuwasha moto. Sasa kimepona, kwa hiyo nakubishia hadharani.

Damu iliyowekwa kwenye tyubu ya kioo, ikazibwa isipate upepo wala jua, bado itaganda, tena ikiwa mbichi kabisa. Kukauka kunakuja baadaye, kwenye kigaga. Kinachozuia damu ni wavu.

Chembe sahani, vile vipande vidogo vya seli vinavyoelea kwenye damu, hutangulia kuziba pengo, lakini bila wavu hazidumu. Uzi wa wavu huo unao mwilini muda wote: fibrinojeni, protini inayotengenezwa na ini, gramu 2 hadi 4 katika kila lita ya plazma, yaani majimaji ya damu. Wanasayansi Hall na Slayter waliitazama kwa hadubini ya elektroni mwaka 1959 wakaona vifundo vitatu vilivyopangwa mstari mmoja, kimoja kati na viwili miisho. Urefu wake ni kama nanomita 45. Ndani yake mna minyororo sita ya asidi amino, vijenzi vya protini, yaani alfa, beta na gama, kila mmoja mara mbili, na vichwa vyote sita vinakutana kwenye kifundo cha kati.

Sasa swali ambalo hukuuliza: kama uzi uko tayari, mbona damu haigandi mishipani?

Fikiria shati. Matundu ya vifungo yako kwenye vifundo vya miisho, nayo yako wazi siku zote. Vifungo viko kifundo cha kati, ila vimefunikwa na vijimkia: cha alfa kina asidi amino 16, cha beta 14. Ukijikata, kimeng'enya thrombini huvikata vijimkia hivyo. Basi! Kifungo cha fibrinojeni huyu kinaingia tundu la yule, na jina linabadilika kuwa fibrini. Wanajipanga kama matofali ya fundi mwashi, katikati ya mmoja pakigusa maungio ya wawili walio kando. Nyuzi zinanenepa, zinatoa matawi, zinanasa chembe nyekundu. Mimi hapo ndipo huwa natikisa kichwa: kufyeka kipande kidogo namna ile, na maji yanakuwa wavu. Nyuzi zenyewe zinaweza kuvutwa zaidi ya mara mbili ya urefu wake zisikatike.

Kisha faktori ya 13, kimeng'enya kingine cha damu, hushona miisho kwa miisho. Asiyekuwa nayo damu yake huganda vizuri tu, halafu jeraha likafumuka tena baadaye.

Jeraha likipona, kimeng'enya plasmini huukatakata wavu, lakini pale faktori ya 13 iliposhona hapaachani. Vipande viwili vya miisho hubaki vimeshikana. Ndiyo ile D-dimer uliyoiona kwenye karatasi ya maabara ya mjomba ukaanza kulia. Inasema kuna wavu uliofumwa ukakatwa mahali fulani mwilini. Mahali gani, haisemi, na hupanda hata baada ya upasuaji. Mjomba alikuwa ametoka kupasuliwa.