Dola si wachezaji

Mhariri,

Mchezo mdogo wa mezani, ule wa kuigiza wahusika kwa dadu na kitabu, unapochangiwa kwenye Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha za miradi, magazeti hutangaza jambo moja tu: dola ngapi. Kipimo hicho kinapotosha, na kinawaumiza wabunifu wasio na kampuni kubwa.

Tazama michezo miwili ya Marekani. Mwaka 2015, Blades in the Dark ulichangiwa dola 179,280 na watu 3,925. Mwaka 2021, Avatar Legends, uliotokana na katuni maarufu ya televisheni, ulikusanya dola milioni 9.5 kutoka kwa watu zaidi ya 81,000. Kwa fedha, wa pili unauzidi wa kwanza mara 53. Kwa vichwa, mara 21 hivi. Mchangiaji wa mchezo wa kwanza alitoa wastani wa dola 46, wa mchezo wa pili dola 117. Toleo la fahari, dadu maalumu na vitabu vya nyongeza hupandisha fedha bila kuongeza hata mtu mmoja mezani.

Asilimia ya lengo, yaani ya kiasi ambacho mbunifu alitangaza kukitafuta, ndiyo mbaya zaidi. Lengo lisipotimia, Kickstarter haikati mchango wa yeyote, kwa hiyo wabunifu hulishusha makusudi. “Asilimia 900” hapo haina maana yoyote.

Hata vichwa vina kasoro: aliyeweka dola 1 ili afuatilie habari huhesabiwa sawa na duka lililoagiza nakala sita. Dawa ni kufungua orodha ya zawadi, yaani vifurushi wanavyoahidiwa wachangiaji, kuzidisha idadi ya waliochagua kila zawadi kwa vitabu vilivyomo, kisha kujumlisha. Hapo unapata nakala. Nazo zisomwe kwa makini, maana kundi la watu watano huhitaji kitabu kimoja tu, na vitabu vingine hubaki rafuni bila kufunguliwa.

Baada ya vitabu kuwafikia wachangiaji, subiri mwaka, kisha angalia medali za mauzo za DriveThruRPG, duka la mtandaoni la michezo hii: ya shaba huanzia nakala 51 zilizouzwa, ya dhahabu 501. Halafu tafuta michezo iliyozaliwa na mchezo huo. Kanuni za Blades in the Dark zimetumiwa na wabunifu wengine wengi, kwa mfano katika Scum and Villainy na Band of Blades. Hakuna ukurasa wa michango unaoonyesha hilo.

Tunaomba dawati lako, linapotaja dola, litaje pia idadi ya wachangiaji na ya nakala.

Wapenzi wa michezo ya mezani,
Dar es Salaam